Sisimizi Mfukoni mwa Mwamuzi

Mjinga wa siku ile alikuwa Kinyozi, na hapo hapana ubishi, maana yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema. Ukiingia dukani kwake ukaanza kumzungukazunguka kwa maswali ya nusu fainali, atakukata mapema: "Ndiyo, ni mimi. Nilikatika viuno katikati ya uwanja, mchana kweupe, bila muziki. Sasa kaa kwenye kiti, kichwa chako hakijinyoi." Amejifunza kwamba mtu akiwahi kujicheka, wenzake hubaki na kicheko kilichopoa. Lakini siku ile ina sehemu yake ambayo haimchekeshi hata kidogo. Akiikumbuka, huzima mashine ya kunyolea, huenda kwenye beseni, hunawa mikono upya mpaka kwenye viwiko, mteja amebaki na nusu kichwa.

Lazima umjue kwanza. Kinyozi ni msafi wa kuudhi. Taulo zake huchemshwa. Mashine ikitoka shingoni kwa huyu haiendi kwa yule kabla haijaoga spiriti. Kikombe chake cha chai kina mfuniko, juu ya mfuniko kuna kitambaa, na ole wako uguse kitambaa. Kichwa chenye mba anakishika bila kukunja uso, vipele vya ndevu anavihudumia kama muuguzi, lakini mate hapana. Kwake yeye mate ni mali ya mtu binafsi, yabaki yalikowekwa. Mteja akilamba kidole ili afunue gazeti, Kinyozi humnyang'anya gazeti kwa heshima zote, akalishika kwa ncha za vidole kama mkia wa panya, mpaka kwenye pipa. Ukutani pana bango aliloliandika kwa mkono wake: TAFADHALI USITEME HUMU. NA NJE PIA.

Siku za kazi koti lake jeupe lilikuwa la kunyolea. Jumamosi alivaa lingine, pacha wa lile, akawa mwamuzi wa kriketi. Na katika makoti yote mawili mfuko wa kushoto ulikuwa wa pipi za mnanaa. Mtoto aliyetulia kwenye kiti bila kulia alipewa moja. Aliyelia alipewa mbili ili anyamaze, jambo ambalo watoto walilielewa haraka kuliko yeye. Uwanjani alizinyonya mwenyewe, koo lisikauke kwa kusimama juani siku nzima.

Mashindano yenyewe ni yale ya siku moja. Upande mmoja unapiga ova zake asubuhi, ova moja mirusho sita, unakusanya mikimbio. Mchana upande wa pili unaikimbiza. Jua likishuka mshindi anajulikana na kila mtu anarudi kwao kuosha soksi. Timu zilikuwa za makazini: Gereji, Tanuri ya mikate, Walimu, Idara ya Maji, na wauza mbao waliokuwa wakifungwa na kila mtu na bado wakija na vuvuzela. Ni ligi ndogo. Ndani yake kila mtu ni shemeji wa mtu, na ukitaka mwamuzi asiye na ndugu uwanjani, umwagize kwa posta.

Shemeji wa Kinyozi, yaani mume wa dada yake mkubwa, alikuwa mrushaji wa Gereji. Kwa kazi ni mpaka rangi wa magari: gari linaingia kwake limeparuzwa ubavu mzima, linatoka unaweza kujitazamia ukachana nywele. Msimu uliotangulia kazi yake kubwa kwenye timu ilikuwa kubeba chupa za maji. Msimu huu, bila mtu kujua kimetokea nini, mpira wake ulianza kukata kona. Mpigaji anauona unapita nje, anauacha uende zake, mara unajikunja hewani na kung'oa kijiti cha katikati kati ya vitatu anavyovilinda, basi ametolewa. Walimu walikwenda hivyo. Idara ya Maji wakafuata. Wauza mbao walikwenda hivyo pia, ila wao wangekwenda hata kwa embe bovu. Gazeti likatoa picha yake na maneno makubwa juu: MKONO WA MAAJABU. Kinyozi akaikata picha hiyo, akaibandika kwenye kioo cha duka, pembeni kidogo, ili kila anayejitazama amtazame na shemeji.

"Huyu ni wa kwetu," aliwaambia wateja. "Kifundo cha mkono. Mimi nilikiona zamani."

Hakuwa amekiona zamani. Hakuwa ameona kitu.

Mpira wa kriketi una siri moja ambayo kila mchezaji anaijua. Upande mmoja wa mshono unausugua kwenye suruali mpaka ung'ae, upande wa pili unauacha uchakae. Basi ukienda kasi unajipinda. Kusugua ni ruksa. Jasho ni ruksa. Kupaka kitu kingine chochote ni wizi, na kazi ya mwamuzi ni kuutazama mpira ule mara kwa mara ahakikishe hakuna mjanja. Kinyozi aliutazama kweli. Aliugeuza huku na huku, akasema, "Unang'aa vizuri," akamrudishia mwenyewe.

Na kila mara shemeji alipokuja kuanza ova yake, alimpa Kinyozi kofia amshikie, kama warushaji wanavyofanya, kisha akainua mashavu kama mtoto.

"Shem, leo sijalia. Nipe yangu."

Kinyozi akacheka, akaingiza mkono mfuko wa kushoto, akampa pipi. Msimu mzima. Watu wa pembeni waliwaona wakicheka pamoja wakasema angalia, undugu huo.

Nusu fainali ilikuwa Gereji na Tanuri. Gereji walipiga asubuhi wakapata mikimbio ya kiasi, si ya kuringia. Mchana Tanuri wakaanza kuikimbiza taratibu, na mawingu yalipokusanyika walikuwa njiani kuipata. Nahodha wao, Mwoka Mikate, mtu mzima mwenye mabega ya kukanda unga, alikuwa amejikita mbele ya vijiti vyake kama mwenye nyumba anayegoma kuhama.

"Shem," mrushaji akasema, mashavu juu. "Tangu asubuhi nimetulia."

"Ni ya mwisho hiyo," Kinyozi akamwambia. "Ukimaliza, unyonye kidole."

Wakacheka. Shemeji akarusha nusu ova, kila baada ya mrusho akisugua mpira pajani, na kabla ova haijaisha mvua ikashuka. Kila mtu akakimbilia kibandani. Sheria inasema mchezo ukisimama mpira unakaa kwa mwamuzi, basi Kinyozi akautia mfuko wa kulia wa koti, akaingia chumba cha waamuzi: benchi moja, bomba lisilotoa maji, na ukuta wenye ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi kwenye msumari wa kutundikia nguo. Akatundika koti kwenye msumari. Yeye na mwamuzi mwenzake, mwalimu wa hesabu, wakakaa wakisikiliza bati na kubishana kama mvua ni ya kupita au imekuja kulala.

Ilikuwa ya kupita. Wakavaa, wakatoka, wachezaji wakapiga makofi.

Hakupita muda Kinyozi akahisi kitu kama uzi ukimtembea kwapani. Akajikuna kistaarabu. Uzi ukawa nyuzi. Mara nyuzi zikaanza kuuma.

Sasa, mwamuzi wa kriketi hasemi kwa mdomo, anasema kwa viungo. Akinyoosha mikono yote miwili pembeni, maana yake mrusho umepita mbali na mpigaji, mkimbio mmoja wa bure. Akiinua goti na kuligusa, mpira umegonga mwili, hesabu tena. Akinyanyua mikono yote juu, hiyo ni sita nzima, mpira umevuka uzio. Na karani wa ubao, aliyeketi pembeni na miwani yake, kazi yake si kuuliza kwa nini. Kazi yake ni kuinua mkono kwamba ameona, na kuandika.

Kinyozi akanyoosha mikono pembeni apishe upepo. Karani akainua mkono: mmoja. Kinyozi akanyanyua goti na kulipiga kofi. Karani akainua mkono: mwingine. Sisimizi wakafika mgongoni, Kinyozi akarusha mikono yote juu ajivue koti, na ubao ukaruka sita kwa mpigo, na hakuna mpira wowote uliokuwa umerushwa. Mashabiki wa Tanuri wakasimama kushangilia. Akageuka, akapinda, akajipiga tumbo, akanyoosha tena, na kila alichofanya kilipewa hesabu. Karani alikiri baadaye kwamba alidhani ni sheria mpya.

Mwalimu wa hesabu akaja mbio. "Kaka, unatoa ishara za nini?"

"Sisimizi," Kinyozi akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Hiyo haimo kwenye kitabu."

Koti likavuliwa, likakung'utwa, uwanja mzima ukiwa umeshika mbavu. Ubao ukarudishwa ulipokuwa. Kinyozi, uso umemwiva, akajiambia ni pipi. Ni pipi tu zimenivunjia heshima. Akaingiza mkono mfuko wa kushoto azitupe. Mfuko wa kushoto ulikuwa mkavu, mtupu, hauna sisimizi hata wa kusingizia. Pipi ya mwisho aliitoa kabla ya mvua.

Akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa mpira.

Upande mmoja, ule uliochakaa, ulikuwa mtupu kama kiganja. Upande wa pili, ule unaong'aa, hukuuona kabisa. Ulikuwa mweusi, unatembea. Sisimizi walijaa mpaka kwenye mshono, wakakomea hapo, hawakuvuka, kana kwamba wamechorewa mpaka. Walikuwa wameinamisha vichwa wanakula.

Kinyozi aliuangalia mpira ule. Mtu anaweza kuelewa jambo kwa kichwa. Yeye alielewa kwa koo. Ile ladha ya mnanaa iliyokuwa imebaki mdomoni mwake tangu asubuhi ikageuka kitu kingine.

"Lete, shem," mrushaji akasema. Akauchukua, akaupuliza, akaupangusa pajani. Kisha, mbele ya Kinyozi, umbali wa pua na pua, akatia kidole mdomoni, akakitoa kinameta, akaupaka mpira. Kwenye kidole kulikuwa na sisimizi mmoja amenasa. Akamlamba naye. Koo lake likapanda, likashuka.

Hapo ndipo mwamuzi alipotakiwa kusimamisha mchezo. Sheria haina mafumbo: mikimbio mitano kwa wapigaji, mpira ubadilishwe, mrushaji aripotiwe. Lakini watu walikuwa bado wanacheka. Karani alikuwa amemkodolea macho, kalamu juu, akingoja kiungo kitakachofuata. Mikono ya Kinyozi ilishachekwa vya kutosha. Haikutaka kunyanyuka tena. Ikabaki ubavuni.

"Cheza," akasema.

Mrusho wa kwanza, Mwoka Mikate aliuona mpira ukienda nje, mbali na vijiti. Akauachia njia. Mpira ukajikunja, ukarudi ndani, ukang'oa kijiti cha katikati. Mwoka Mikate alikaa akikitazama kijiti kile kilicholala kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza, kisha akaondoka bila kugeuka. Tanuri wakaporomoka nyuma yake. Gereji wakaingia fainali, na shemeji akabebwa mabegani.

Dada yake Kinyozi alikuwa uzioni. Yeye ni dobi, ana mashine zake mbili nyuma ya nyumba, na nguo zote za timu pamoja na koti la mdogo wake hupitia mikononi mwake. Kinyozi alimtupia koti kana kwamba linawaka.

"Kuna nini humo?"

"Sisimizi."

"Sisimizi wanatafuta nini kwenye koti?"

"Pipi, dada."

Dada akageuza mfuko wa kushoto nje. Akautazama utupu wake. Akageuza wa kulia, akautazama vizuri zaidi. Kisha akamtazama mumewe huko juu ya mabega ya watu, akalisokomeza koti ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga fundo.

Jumapili Kinyozi hakutoka. Alipiga mswaki mpaka fizi zikalalamika. Kwa sababu sasa alianza kuurudia msimu mzima, na kadiri alivyourudia ndivyo ulivyozidi kunuka. Kila kijiti kinapoanguka, mpira hurudishwa kwa mwamuzi. Alikuwa akiupokea, akiugeuza, akipitisha kidole gumba kwenye ule mng'ao kwa fahari ya undugu. Halafu akifanya nini? Kwa vidole vilevile alikuwa akimenya pipi yake na kujitia mdomoni. Yeye, mwenye mfuniko juu ya kikombe na kitambaa juu ya mfuniko. Tangu msimu uanze alikuwa akila mate ya shemeji yake, kidogokidogo, yakiwa yametiwa sukari aliyoitoa yeye mwenyewe.

Mkewe alimkuta akisukutua kwa maji ya chumvi mara ya kumi na ngapi sijui.

"Umekula nini?" akauliza.

"Usiniulize," akasema, akasukutua tena.

Asubuhi ya Jumatatu mteja wa kwanza alikuwa Mwoka Mikate. Alikaa kwenye kiti, unga bado uko kwenye nyusi, hakutaka utani.

"Punguza tu pembeni," akasema. "Mchana naenda kupimwa macho."

"Macho yana nini?"

"Yamekwisha, Kinyozi. Nimeuona mpira ule nje. Nakuapia, nje kabisa. Nikauacha. Kumbe uko ndani. Mtu akifika hapo aache, asingoje kuambiwa." Akajipangusa unga kwenye nyusi. "Gongo langu la kupigia nimelipeleka tanurini. Linazuia mlango usijifunge. Limekaa vizuri tu."

Kinyozi alikuwa nyuma yake, mkasi hewani. Kwenye kioo aliona nyuso tatu: ya Mwoka Mikate aliyefumba yale macho yake mazima, ya kwake, na ile ya gazetini pembeni, MKONO WA MAAJABU, ikicheka. Ilikuwa rahisi kusema. Sentensi moja. Macho yako hayana kasoro, uliibiwa. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mkia, na mkia ulikuwa pipi, na pipi zilikuwa zake. Na kwenye droo, chini ya viwembe, palikuwa na barua ya Mwenyekiti wa chama: Jumamosi ijayo, kwa mara ya kwanza tangu aanze uamuzi, Kinyozi ndiye angesimama katikati kwenye fainali. Waamuzi vijana walikuwa wakimpita kila mwaka. Alishazoea kuitazama kutoka uzioni akiwa na mwavuli. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Umri, kaka," akajisikia akisema. "Wote tunaelekea huko."

Akalisikia neno hilo likitoka, likamchukiza kuliko sisimizi aliyelambwa. Alimnyoa Mwoka Mikate kwa uangalifu wa mtu anayemwosha mgonjwa, na alipoondoka akajinawa, na maji hayakusaidia.

Shemeji aliingia baadaye kidogo akipiga mluzi, rangi ya bluu ya gari la mtu ikiwa imemkaukia kwenye kucha. Akajitupa kwenye kiti, akainua kidevu. "Nisafishe, shem. Picha za fainali hizo."

Kinyozi akampaka povu shavu hili na lile, akafungua wembe, akamwekea shingoni. Hakuanza kunyoa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Nilikuona ukimla yule sisimizi."

Shemeji akafungua jicho moja. Hakustuka; ndiyo tabia yake, hata gari likimwangukia angeuliza kwanza ni rangi gani. "Ah. Hilo. Tangu mechi ya kwanza, shem. Sukari ikichanganyika na mate inashika ngozi, ukisugua inatoa gamba, kama vanishi. Nikajiuliza, kwa nini gari lipate na mpira ukose?"

"Ni wizi. Tena ni uchafu. Unajua niliushika mpira ule mara ngapi?"

"Mate tu hayo. Wewe huna?"

"Ninayo yangu. Sikuomba ya ziada."

"Basi kaseme kwa Mwenyekiti." Shemeji alisema kwa upole, kama anayemshauri mtu rangi ya geti. "Mwambie shemeji yangu analamba mpira. Atakuuliza, analamba na nini? Utasema, na pipi. Atakuuliza, anazitoa wapi? Hapo mimi nitakaa kimya, shem, sitaki kukuharibia. Watu walituona. Kila ova, unanipa na unacheka. Nani ataamini hukujua?"

"Sikujua."

"Mimi naamini. Mimi ndiye niliyekuwa nakudanganya."

Wembe ulikuwa bado shingoni. Kinyozi alitazama mshipa ukidunda chini yake na akaona ajabu ya maisha: huyu mtu hakuwa na hofu hata kidogo. Alijua amekaa mikononi mwa mtu msafi.

"Mwoka Mikate anakwenda kupimwa macho," Kinyozi akasema.

"Vizuri. Kupima macho hakumdhuru mtu."

Kinyozi akaondoa wembe, akaufuta ingawa haukuwa umenyoa kitu. "Sikiliza," akasema, na sauti ikamshuka. "Fainali usiguse. Umesikia? Rusha kawaida. Halafu fainali ikiisha, tukishatulia, nitakwenda mwenyewe kwa Mwenyekiti nimweleze vizuri, polepole, kwa namna ambayo..."

"Kwa namna ambayo hakuna atakayeumia," shemeji akamalizia. "Umeona? Ukitulia una akili."

"Hodi," dada akasema mlangoni. Alikuwa ameshaingia.

Alisimama katikati ya duka na mfuko wake, akamtazama mumewe mwenye mapovu, akamtazama mdogo wake mwenye wembe. "Endeleeni. Nimesikia kuanzia kwenye vanishi."

Akashika kiuno.

"Msimu wote pasi yangu inanata," akasema. "Nikipiga suruali yako paja la kulia, pasi inashika, inatoa moshi wa kahawia, inanuka kama keki iliyoungua. Nikakuuliza. Ukasema soda. Nikabadilisha sabuni. Nikabadilisha maji. Nikaita fundi wa pasi, maskini, akaifungua yote akaifunga. Kumbe nilikuwa napika pipi."

"Mke wangu, ni mchezo tu."

"Kwa mchezo ungecheza. Wewe unalamba." Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe?"

"Mimi sikujua, dada. Haki ya nani, mpaka Jumamosi."

"Jumamosi ulijua. Leo ni lini?"

Kinyozi akainamisha macho. Akauona mfuko mkononi mwa dada, na kwenye mdomo wa mfuko ukingo mweupe wa koti la uwanjani, limekunjwa vizuri, kola juu. Akaupokea kama mtu anayepokea pa kuegemea. Dada akamwachia. Akalitoa, akalivaa, akafunga vifungo mpaka juu, akajigeuza mbele ya kioo. Lilimkaa. Siku zote lilimkaa.

"Unaona?" shemeji akasema kutoka kitini. "Hilo ni koti la fainali. Shem, usikubali mtu akuvue kwa ajili ya mate."

"Dada, nielewe," Kinyozi akasema, akimtazama kwenye kioo kwa sababu ana kwa ana ilikuwa vigumu. "Nitasema. Sijakataa kusema. Nasema tu baada ya Jumamosi. Nikienda leo watanivua koti hili mbele ya watu, na sitalivaa tena maisha yangu. Nimelisubiri mpaka nimeota mvi. Mechi moja, dada. Mwoka Mikate atanisamehe, ni mtu mzima. Mechi moja tu nisimame katikati, kisha nitalivua mwenyewe kwa mikono yangu." Akajikuna kwapani. "Hebu niambie wewe, mtu aliyelisubiri hivi anaanzaje kulivua?" Akajikuna tena, upande wa pili, halafu mgongoni, na mkono wake ukaganda hukohuko.

Dada alikuwa ameshafika mlangoni.

"Kulivua utalivua tu, mdogo wangu," akasema. "Sijalifua. Sisimizi bado wamo."